Sura ya Tano: Tundu Ambalo Halikuwepo

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa tundu ambalo halikuwepo.

Tiketi zilikuwa zimepangwa mezani safu kwa safu, na Kimya, mpelelezi wa ofisi ya malalamiko, alikuwa akizipitia kwa mara ya tatu, akizishika kwa ncha za vidole kama fundi anavyoshika kitambaa cha mteja. Kila tiketi ilikuwa na ukingo wa vijimeno upande wa kushoto, pale muuzaji alipoichana kutoka kwenye kishina kinachobaki kitabuni. Vijimeno vilishuka sawasawa mpaka chini kidogo ya katikati. Hapo, mahali pamoja tu, karatasi ilikuwa imechanika vibaya na kuacha kinundu.

Akaiweka. Akachukua nyingine. Kinundu kile kile, mahali pale pale.

Alichomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi yake akahesabu alama za matundu kutoka juu. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. La kumi na tano halikutobolewa.

Mafundi wa nguo wana kigurudumu cha meno cha kuhamishia alama kwenye kitambaa. Kikivunjika jino moja, huruka namna hiyo, mahali pale pale kila kinapozunguka. Kimya alikuwa amekitumia kigurudumu cha aina hiyo kwa miaka saba ya ushonaji, kabla ya kuja ofisi hii.

"Bado unazihesabu?" aliuliza Mkuu kutoka mlangoni.

"Naziangalia, Mkuu."

Mkuu wa ofisi ya malalamiko ya wateja alikuwa na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na siku nyingi alikuwa akiitafuta ya tatu. Aliingia na jalada kifuani.

"Kuna nini cha kuangalia? Watu arobaini wamezuiwa getini kwenye onyesho. Tiketi zao hazina ukanda unaong'aa. Mwandaaji anasema tiketi zake zote zina ukanda. Sikiliza alivyoandika." Akafungua jalada. "'Nilichapisha tiketi mara moja tu. Hizi nyingine ni kazi chafu ya mtu asiyejua kuchapa, na zimetoka saluni kwa yule msusi, ambaye shemeji yake ana mashine ya kurudufu.' Saa kumi leo anakuja hapa kuchukua barua ya kuthibitisha hivyo. Akiipata, anaipeleka polisi, na msusi atalala ndani."

"Na asipoipata?"

"Asipoipata, tiketi ni zake, na hao watu arobaini anawajibika kwao mmoja mmoja. Lakini mimi nahitaji sababu ya kumnyima, binti. Sina." Alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, akainama mezani, midomo ikichezacheza. "Malalamiko ni arobaini. Mbona hapa naona tiketi arobaini na moja?"

Kimya alirudisha sindano kwenye ukosi.

"Hiyo moja ya nani?"

"Ipo tu, Mkuu."

"Ipo tu ndiyo nini? Isije ikawa ya mtu wa humu ndani. Mwenye malalamiko hashiki jalada la malalamiko yake, unajua. Nitakunyang'anya hili jalada sasa hivi."

Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa. Msusi mwenyewe aliingia, mwanamke mrefu aliyebeba pochi kubwa, na chanuo limesahaulika kwenye nywele zake.

"Nimekuja kabla ya saa kumi ili nisiseme baadaye kwamba sikusikilizwa," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Mdogo wangu, unajua jana imekuwaje? Nina mteja kitini, nimeshasuka nusu ya kichwa. Nusu! Akapita jirani, akamnong'oneza kwamba huyu ndiye wa tiketi feki. Mteja akainuka. Kaondoka na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama jogoo. Afadhali aonekane hivyo barabarani kuliko kuonekana kwangu!"

Mkuu alikohoa. Kimya alivuta kiti karibu.

"Dada, Bosi Jukwaa alikupa vitabu vingapi?"

Bosi Jukwaa lilikuwa jina la mwandaaji. Mji mzima ulimwita hivyo, na yeye alilipenda.

"Viwili. Cha kwanza kinang'aa, kikaisha siku tatu. Cha pili alikileta mwenyewe, kwa mkono wake, kikiwa hakina ukanda. Nikamuuliza, mbona hivi? Akasema ukanda umeisha kiwandani, tiketi ni ile ile, wewe uza."

"Vishina viko wapi?"

"Nilimrudishia vyote. Ndiyo utaratibu wake."

"Nani alimwona akikuletea?"

"Mteja mmoja, alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Aliona midomo yetu tu kwenye kioo, kitabu hakukiona. Hakusikia kitu."

"Na shemeji yako?"

Msusi alisimama. "Nenda ukamuulize. Yuko nyuma ya saluni. Nenda ukafungue kila droo."

*

Duka la shemeji lilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kurudufu, meza, na karatasi mpaka darini. Shemeji mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu mbili sikioni, moja kila upande.

"Fungua," alisema kabla Kimya hajamaliza salamu. "Dada kashanipigia simu. Fungua droo zote, na uzifunge vizuri."

Kimya alifungua. Bahasha. Gundi. Picha za watoto wa shule ambazo hazijakuja kuchukuliwa. Katika droo ya tatu, chini ya rula, kulikuwa na mviringo mzito wa utepe unaong'aa.

Alikata kipande, akakiweka kwenye mwanga wa dirisha. Kiling'aa rangi ya upinde wa mvua. Ukanda wa tiketi halisi ulionyeshwa katika jalada, kwenye picha. Uling'aa vivyo hivyo.

"Huu ni wa nini?"

"Wa kufungia zawadi. Kila mwenye harusi anakuja hapa." Shemeji alikunja mikono. "Najua unachofikiria. Sema tu."

"Una mashine ya kutoboa mistari ya kuchania?"

"Nina mkasi. Na macho. Nikitaka kukunja, nakunja kwa kucha."

"Vitabu vya stakabadhi unavyouza?"

"Vinakuja vimeshatobolewa."

Kimya aliomba kimoja, akachomeka sindano tundu kwa tundu, kwenye kurasa tatu tofauti. Hakuna lililorukwa, na matundu yenyewe yalikuwa makubwa na yamekaribiana, si kama ya tiketi.

"Shemeji," alisema, "una utepe huu tangu lini?"

"Mwaka jana. Kwa nini?"

"Mtu mwenye utepe huu ndani ya droo atengeneze tiketi feki bila utepe?"

Shemeji alimtazama, kisha akacheka kwa sauti mpaka kalamu moja ikaanguka.

"Hilo ndilo nimekuwa nikiwaambia! Ningetaka kutengeneza feki, ningetengeneza nzuri. Nina heshima yangu mimi. Kamwambie Bosi Jukwaa asinitusi."

Kimya aliandika hayo polepole, herufi kubwa kubwa, akamwomba atie sahihi. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu.

*

Mji ule ulikuwa na kiwanda kimoja tu kilichochapa tiketi za ukumbi mkubwa. Mwenye kiwanda aliitwa Mzee Wino. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na ilisemekana hata akioga hubaki hivyo. Alikuwa akipakia karatasi za kalenda kwenye mashine wakati Kimya alipoingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kadi za mwaliko ni wiki mbili. Usiniombe wiki moja."

"Natoka ofisi ya malalamiko. Ni kuhusu tiketi za onyesho."

Mzee Wino hakugeuka. "Nilichapa mara moja. Zote na ukanda. Nilishamwambia Mkuu wako kwenye simu."

"Naomba kuona mashine ya kutoboa."

"Utaijua ukiiona? Umesoma darasa la ngapi wewe?"

"La tano."

"Ukamaliza?"

"Nusu."

"La tano nusu!" Mzee Wino aligeuka, kicheko kikimtoka puani. "Haya, msomi, ile pale kwenye kona. Usije ukaacha kidole."

Mashine ilikuwa ya chuma cha zamani, na safu ya sindano fupi zilizosimama kama chanuo. Kimya alipiga magoti. Hakugusa sindano. Alipitisha tu karatasi nyeupe aliyoitoa mfukoni, akakanyaga pedali mara moja, akaiinua kwenye mwanga. Kisha akatoa tiketi moja na kuilaza kando yake. Matundu yalikaa sambamba kama mapacha. Mistari yote miwili iliruka mahali pamoja.

"Sindano ya kumi na tano imevunjika," alisema.

"Najua. Imevunjika wiki hii. Nimeagiza nyingine."

"Wiki hii?"

"Juzi."

"Tiketi hii imeuzwa siku kumi na nne zilizopita, mzee. Na imerukwa hapo hapo."

Mashine ya kalenda iliendelea kupiga. Mzee Wino aliizima. Wino ulisikika ukidondoka kwenye sahani yake.

"Sindano huvunjika," alisema hatimaye. "Kwa wengine pia huvunjika."

Kimya aliikunja ile karatasi yenye matundu. Aliinuka akatazama ukuta. Ulikuwa umejaa misumari, na kila msumari ulining'iniza karatasi zilizochomwa katikati: kadi, mabango, lebo za sabuni. Kila karatasi ilikuwa na sahihi pembeni.

"Hizi ni nini?"

"Sampuli. Sichapi kitu mpaka mteja atie sahihi kwenye sampuli. Awe rais, awe mama yangu. Miaka thelathini na mbili sijawahi kuchapa bila sahihi. Mtu akija kulalamika eti jina lake limekosewa, namwonyesha msumari."

"Msumari wa Bosi Jukwaa ni upi?"

Mzee Wino alifuta mikono kwenye aproni ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono. "Binti, kalenda hizi ni zake. Na mabango ya mwaka mzima ni yake. Nina watu sita wanakula hapa. Nenda nyumbani."

Kimya alikuwa ameshika jalada. Alilifungua, akaweka kidole chini ya mstari na kuanza kusoma, neno baada ya neno, kwa sauti ndogo iliyomlazimu mzee kusogea.

"'Nilichapisha tiketi mara moja tu. Hizi nyingine ni kazi chafu ya mtu asiyejua kuchapa.'"

"Soma tena."

"'Kazi chafu ya mtu asiyejua kuchapa.'"

"Kaandika hivyo? Yeye?"

"Na sahihi yake hii hapa."

Mzee Wino alimnyang'anya tiketi mkononi. Aliisogeza machoni, akaipapasa kwa kidole gumba, akaigeuza. Mshipa ulisimama shingoni mwake.

"Kazi chafu? Hebu ona wino huu ulivyokaa! Ona pembe! Nilikesha na rangi hii nyekundu, kwenye karatasi yake ya bei ya chini, nikaifanya isimame. Kazi chafu! Aliniomba nisiseme, nikanyamaza, nikafikiri ni mambo ya biashara zao. Kumbe ananitukana kwa maandishi!"

Alipanda juu ya kiti, akanyoosha mkono kwenye msumari wa juu kabisa, akashusha karatasi mbili. Moja ilikuwa na ukanda unaong'aa. Ya pili haikuwa nao. Zote zilikuwa na sahihi ile ile iliyojipinda mkiani, na tarehe zilipishana kwa siku sita.

"Chukua. Na kalenda zake," alisema huku akiteremka, "atazinunua mtu mwingine, au nitazifungia maandazi. Andika haya niliyosema, unionyeshe mahali pa kutia sahihi."

*

Saa kumi kasorobo, ukumbi mdogo wa ofisi ulikuwa umejaa. Walalamikaji walibanana kwenye mabenchi ya upande wa dirisha. Msusi alikaa mbele kabisa, mgongo umenyooka. Nyuma yake dereva wa lori alikuwa ameketi na mama yake, bibi mdogo wa umbo aliyevaa gauni la bluu.

"Ni gauni lile lile alilovaa siku ya onyesho," dereva alimweleza kila aliyemtazama. "Baunsa kamwambia, bibi, rudi nyumbani na karatasi yako. Mama yangu! Anazijua nyimbo zote za yule mwimbaji."

"Zote," alisema bibi. "Na sikuimba hata moja."

Bosi Jukwaa aliingia na harufu ya manukato mbele yake. Alikuwa mtanashati wa kupindukia, na aliwapungia mkono watu wa mabenchi kama waliokuja kumshangilia.

"Ndugu zangu, poleni sana! Sote tumeibiwa, mimi na ninyi. Mkuu, barua yangu iko tayari? Nina mkutano saa kumi na moja."

"Kaa kwanza," alisema Mkuu. "Mpelelezi ana machache."

"Huyu?" Bosi Jukwaa alimtazama Kimya, ambaye alisimama upande wa pili wa meza akikazia macho jalada. "Mwanangu, usiogope, mimi siumi."

Kimya aliweka karatasi mbili za sampuli mezani. Kando yake akaweka karatasi nyeupe yenye matundu, na tiketi.

"Mashine iliyotoboa tiketi hizi ni ya Mzee Wino. Tundu la kumi na tano halipo. Hii ni sampuli ya kwanza, ina ukanda. Hii ya pili haina. Sahihi zote ni zako."

Mabenchi yalivuma. Mkuu alivaa miwani zote mbili kwa pamoja. Bosi Jukwaa alitazama karatasi, kisha akatabasamu na kufungua mikono.

"Sawa. Nimesahau, mimi ni mtu wa mambo mengi. Nilichapisha awamu ya pili, ni kweli. Lakini sikuiuza! Nilipoona ukumbi utajaa, nikaifungia ofisini kwangu. Kisha ikaibwa. Sikutaka kuchafua jina la onyesho, nikanyamaza. Sasa jiulizeni, imetokeaje saluni?" Alimgeukia Msusi. "Mwizi ni mwizi, dada yangu, iwe feki au iwe ya kuibwa. Mkuu, badilisha neno moja tu kwenye barua."

"Mwongo!" Msusi aliruka. "Uliniletea mwenyewe! Ulikunywa na soda yangu!"

"Nani alishuhudia?"

Msusi aligeuka kuwatazama watu wa mabenchi mmoja mmoja.

"Nauliza tena, nani alishuhudia? Kuna tiketi hata moja hapa ambayo haikutoka kwa mwanamke huyu? Moja tu."

Mkuu alimtazama Kimya. Watu wote walimtazama Kimya. Alikuwa amesimama na mkono juu ya safu ya mwisho ya tiketi.

"Binti," alisema Mkuu kwa sauti ya chini, "kama huna zaidi, itabidi niandike ilivyo. Sina njia."

Kimya alifunga jalada. Alilisukuma taratibu mpaka mbele ya Mkuu, akachomoa beji yake ya ofisi kwenye blauzi, akaiweka juu ya jalada. Kisha akachukua ile tiketi ya mwisho, akazunguka meza, akapita mbele ya Bosi Jukwaa, na kwenda kwenye mabenchi. Bibi wa gauni la bluu alijisogeza. Kimya akakaa.

"Unafanya nini?" aliuliza Mkuu.

"Mwenye malalamiko hashiki jalada la malalamiko yake."

"Sema kwa sauti," alisema Bosi Jukwaa. "Hatusikii huku."

Akasimama tena. Alishika tiketi kwa mikono miwili, upande wa nyuma ukiwatazama wao.

"Mkuu aliuliza asubuhi ya arobaini na moja ni ya nani. Ni yangu. Haikutoka saluni. Huu ni muhuri wa dirisha lako la tiketi, Bosi, na tarehe yake ni siku mbili kabla ya onyesho. Haina ukanda. Tundu la kumi na tano halipo. Uliyenipa ni wewe mwenyewe, dirishani, ukaniambia nisichelewe."

Mkuu alikuwa ameshanyanyuka. Alikuja, akaichukua tiketi, akausoma muhuri kwa miwani moja, kisha kwa nyingine. Bosi Jukwaa hakutabasamu tena. Alitazama saa yake, halafu mlango, ambao dereva wa lori alikuwa ameshausogelea na kuuegemea kwa mgongo.

"Ukumbi ulijaa," Kimya aliendelea, na sauti yake sasa ilifika mpaka ukutani. "Ukawaambia mabaunsa waangalie ukanda. Mimi nilikuwa wa sita kwenye mstari. Baunsa aliinua tiketi yangu juu, watu wote waione, akasema, huyu hapa mwizi mwingine. Muziki ulikuwa umeshaanza, nausikia. Nikainamisha kichwa nikaondoka. Siku tisa nimeshika jalada hili na sikumwambia mtu."

"Andika," Mkuu alimwambia karani bila kugeuka. "Malalamiko namba arobaini na moja. Andika anavyosema."

Karani alivuta karatasi. Msusi alikuwa analia bila kujifuta, chanuo likiwa bado kichwani. Kimya alimtazama yeye kwanza, kisha akamgeukia Bosi Jukwaa, akamkazia macho mpaka Bosi mwenyewe akatazama chini.

"Mimi si mwizi," alisema. "Nilikuja kusikiliza muziki."